Baba Mdogo Mmoja wa Mtaa Wetu

Gazeti nililouza halikuandika jina la mtu. Liliandika dhambi tu, na dhambi hazikukosekana: tajiri anayewavunjisha vijana mawe na kuwalipa ahadi, muuza maji anayechota ziwani na kuapa kwamba ni ya bomba, mkubwa wa kizuizi cha barabarani anayechagua kabichi nzuri za akina mama kabla hawajafika sokoni. Mwenye dhambi aliitwa "tajiri mmoja", "mkubwa mmoja", "mtu mmoja wa mtaa wetu". Mhariri, mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu, alisema alifanya hivyo kwa huruma, maana hata Bwana Yesu hakumtaja jina mwana mpotevu. Majirani zake walisema alifanya hivyo kwa sababu mlango wa nyumba yake ulikuwa wa mbao nyepesi. Mimi nadhani zote mbili zilikuwa kweli.

Lilikuwa gazeti la Kikatoliki, lakini halikuwa la padri wala la askofu. Mhariri na rafiki zake wachache walilitoa wenyewe, kurasa chache zilizokunjwa kwa mkono, kila umeme ulipoamka na mashine ya fotokopi ikawa na moyo mwema. Padri wetu alilipenda sana, mpaka lilipoandika juu ya wakubwa wa shule wanaowafukuza watoto katikati ya mtihani kwa ajili ya karo, na shule ya parokia iko chini yake. Jumapili iliyofuata, katika matangazo ya mwisho wa misa, alisema kwamba lile gazeti linalouzwa langoni si gazeti la parokia. Wakristo wengi hawakuwa wakijua kwamba langoni kuna gazeti. Siku ile niliuza yote, hata lile nililokuwa nimelikalia.

Kazi hiyo niliipata kwa sababu ya turubai. Nilikuwa nauza viazi vya Kibumba kando ya lango la kanisa, na mhariri alikuja siku ya mvua akiwa amekumbatia mzigo wa karatasi kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

"Mama, wewe uko na turubai," aliniambia. "Gazeti langu halina."

Huo ndio ulikuwa mtihani wa kuingia kazini, na niliufaulu, ingawa mitihani mingine niliiacha katika mwaka wa pili wa sekondari. Baba alikuwa amekufa barabarani, karibu na Kalengera alikozaliwa, lori liliposhindwa kukata kona. Mama akamfuata kwa ugonjwa kabla hatujazoea kusema "marehemu baba". Nyuma yangu walikuwa mdogo wangu wa kike na wavulana wawili. Mkubwa haulizwi kama anataka kuwa mkubwa. Niliweka madaftari juu ya kabati, nikashusha mizani ya mama.

Baba alituachia parseli moja, yaani kiwanja cha mjini. Nyuma kulikuwa na nyumba yetu ya mbao, jiko na choo. Mbele, upande wa barabara, kulikuwa na uwanja mtupu. Mtu asiyekaa Goma anaweza kudhani nyumba ndiyo mali na uwanja si kitu. Sisi tunajua kwamba nyuma ni mahali pa kulala, na mbele ndiko watu wanakopatia chakula: unaweka duka, unaweka cherehani, unajenga chumba cha kupangisha. Baba alisema kila mara kwamba siku moja atajenga nyumba ya mawe pale mbele, na sisi tulikuwa tumeshagawana vyumba.

Baada ya mazishi, baba mdogo, yaani ndugu yake baba anayemfuata, alisema ataichunga ile sehemu ya mbele ili wezi wasiichukue. Aliichunga kwa kujenga butike, kiduka cha mbao, pembeni. Kisha akaichunga butike kwa kumpangisha muuza sabuni na vocha za simu. Kisha akaichunga pesa ya pango, hiyo kwa uangalifu mkubwa kuliko vyote.

Nisimpake matope. Baba mdogo hakuwa mtu mbaya. Mtoto wetu wa mwisho alipopata homa kali, yeye ndiye aliyembeba mgongoni mpaka hospitali, siku ambayo pikipiki hazikutembea. Noeli hatukukosa sukari yake. Ila alikuwa na ugonjwa wa kuzoea. Mtu akikaa muda mrefu kwenye kiti cha mwenzake, mwisho anaona miguu ya kiti inafanana na yake.

Kila alipokuja kuchukua pango, nilimwambia, bila kelele, "Baba mudogo, mbele ni ya watoto."

"Njo maana ninachunga," alijibu.

Mdogo wangu, ambaye ulimi wake haukuacha shule, alisema baba mdogo anachunga kama fisi aliyepewa mbuzi. Nilimkanya. Kisha nilienda jikoni kucheka.

Halafu yakaja mawe. Chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zilianza kuyamwaga mbele ya nyumba, mawe meusi ya volkano, mazuri, yaliyochongwa pande mbili. Sasa, katika mji wetu hakuna mtu anayekosa jiwe. Ukichimba shimo la mhogo unakutana nalo. Mtu akilipa fundi amchongee mawe, ujue ana nia. Nilimuuliza baba mdogo, akasema anataka "kutenga vizuri". Fundi alinionyesha kwa mkono mahali ukuta utakapopita: katikati ya parseli, toka upande huu hadi ule. Sisi tungebaki nyuma, na kichochoro cha kupitisha ndoo. Ukuta wa mawe ukishasimama, hata mahakama inauogopa. Niliyajua hayo vizuri.

Watu watauliza kwa nini sikumwambia mhariri, nami kila Jumapili nilikuwa nimekalia gazeti la haki. Sikutaka. Damu ya baba yangu siiuzi langoni pamoja na viazi. Niliendelea na sentensi yangu ileile, na baba mdogo aliendelea na yake.

Kuna jambo lingine la kueleza. Baba mdogo alikuwa msomaji mkubwa wa lile gazeti kuliko mtu yeyote wa mtaa wetu. Katika shirika letu, ile jumuiya ndogo ya Wakristo wa jirani inayokutana kila juma nyumbani kwa mmoja wao, yeye ndiye aliyekuwa na sauti nzuri na miwani. Tulisoma Injili, tulisali, kisha yeye akafungua gazeti na kutusomea, na kila baada ya mistari michache alisimama ili kusikitika. "Batu bako na roho mubaya!" alisema, akitikisa kichwa. Akimaliza, ulianza mchezo ambao mhariri aliuchukia: kubahatisha ni nani. "Huyu tajiri mmoja ni yule wa nyumba ya vioo." "Hapana, ni shemeji yake." Wakati mwingine tulipata wenye dhambi wengi kuliko walioandikwa.

Jumapili moja mhariri aliniletea mzigo, nikaupanga chini ya turubai. Mdogo wangu alichukua gazeti la juu akaanza kusoma, kisha akanishika mkono. Yeye huniita yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya, umetusema!"

"Nimesema nini?"

Alinisomea. Kichwa cha habari kilikuwa "Mchungaji wa Yatima". Baba mdogo mmoja wa mtaa wetu. Uwanja wa mbele. Kitu kidogo kilichojengwa kwa ajili ya watoto. Na mwisho, mawe.

"Sikumwambia mtu," nilisema.

"Basi ameambiwa na Malaika. Tuyafiche chini ya viazi?"

Nilifikiri. Lakini muuza gazeti anayeficha gazeti ni muuza nini? Niliyauza yote. Baba mdogo alitoka kwenye misa akiwa na haraka, akachukua lake, akaliweka ndani ya koti bila kulifungua. Alipenda kulisoma mara ya kwanza mbele ya watu, ili masikitiko yake yawe mapya.

Na juma lile, kwa zamu, shirika lilikuwa kwetu.

Tuliazima viti kwa majirani, havikutosha. Akina mama walitandika vitenge juu ya mawe ya baba mdogo wakakaa. Raisi wa shirika, mama mmoja wa Butembo mwenye kuuza vitambaa na mwenye sauti ya kuita mteja toka ng'ambo ya barabara, alichagua jiwe kubwa kuliko yote.

"Yaya," mdogo wangu alininong'oneza, "ungeficha miwani yake."

Ilikuwa imechelewa. Baba mdogo alikuwa amekwisha kukunjua gazeti.

"'Baba mdogo mmoja wa mtaa wetu,'" alisoma, "'alipewa yatima awachunge, naye akachunga uwanja wao.'" Akasimama, akatuangalia juu ya miwani. "Munasikia? Yatima! Batu bamekosa haya!"

"Soma, papa," raisi alisema.

"'Alijenga kitu kidogo, akasema ni kwa ajili ya watoto. Watoto hawajaona hata kipande cha sabuni.'" Hapo alisema tena "Hakuna haya," lakini sauti ilikuwa imeshuka kidogo, na jicho lake lilienda upande wa butike na kurudi. "'Sasa amekwisha kuleta mawe.'"

Akainua macho. Nusu ya shirika walikuwa wamekaa juu ya mawe hayo. Mama mmoja alijisogeza, jiwe likalia chini yake.

"Endelea, papa," raisi alisema. Hakuinuka kwenye jiwe lake.

Baba mdogo alisoma mpaka mwisho, nampa sifa hiyo. Alisoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe yenye utelezi. "'Akijenga ukuta, Mungu atauona toka juu, na sisi tutauona toka barabarani.'" Akakunja gazeti, akalikunja tena, mpaka likawa dogo kama biskuti.

Tulingoja mchezo. Muzee mmoja alianza, "Mimi ninafikiri huyu ni..." Mke wake akamkanyaga mguu. Hakuna aliyebahatisha. Ilikuwa mara ya kwanza.

"Tusali," raisi alisema, ingawa tulikuwa tumeshasali.

Asubuhi baba mdogo alifika kabla sijapanga viazi, amevaa koti la mazishi.

"Twende kwa muandikaji wako."

"Baba mudogo, mimi sikumwambia kitu."

"Nani alimuambia juu ya mawe?"

"Mawe yako barabarani. Hata mbuzi wa jirani anayajua."

Tulienda. Pale kwa mhariri tulikutana na mwanamume tusiyemjua, mwenye koti la ngozi, akitoka na kulibamiza lango. Yeye na baba mdogo walitazamana.

"Na wewe ni ju ya gazeti?" yule mtu aliuliza.

"Ju ya gazeti."

"Batu hawa!" Wakapeana mkono kwa huzuni, kama watu waliokutana hospitalini, wala hakuna aliyemuuliza mwenzake gazeti limemfanya nini.

Mhariri alitupokea sebuleni, kati ya marundo ya matoleo ya zamani. Kuku alikuwa ameatamia moja.

"Muzee, umeniharibia jina," baba mdogo alisema kabla ya kukaa.

"Jina gani? Sikuandika jina."

"Njo ubaya yake! Ungeandika jina, ningejua kama ni mimi."

Mhariri alikuna kidevu. "Kwani watu wanasema ni wewe?"

"Bote!"

"Wamesema?"

Baba mdogo alifikiri. Alikuwa mtu wa kweli katika mambo madogo. "Wamenyamaza," alisema. "Lakini wamenyamaza mubaya."

Kisha alidai dementi, yaani tangazo la kukanusha, katika toleo linalofuata, na yeye mwenyewe atasema maneno. Mhariri alichukua kalamu bila ubishi. Alisema sharti ni moja: kwa kuwa gazeti haliandiki majina ya wenye makosa, haliandiki pia majina ya wasio na makosa.

"Andika," baba mdogo alisema. "Mimi si ule mutu. Mawe yangu si ya ukuta."

"'Si ya ukuta,'" mhariri alirudia, akiandika polepole. "Ni ya nini?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Kama angesema "ni ya butike kubwa zaidi", ingeandikwa, ingesomwa, na ingekuwa hivyo. Baba mdogo alinitazama. Hakuwa na uso wa mtu anayedanganya. Alikuwa na uso wa mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta mlango.

"Ni ya nyumba," alisema.

"Nyumba ya nani?" mhariri aliuliza, kalamu juu, kama alivyowauliza watoto wa watu miaka yote ya kazi yake.

"Ya batoto ya marehemu kaka yangu. Huyu na badogo bake."

"Itajengwa sehemu gani?"

"Mawe yako sehemu gani?" baba mdogo alifoka. "Si yako mbele? Mutu anajenga pale mawe yake iko!"

Mhariri aliandika. Akamsomea. Baba mdogo alisikiliza macho yamefumbwa, akasema maneno ni mazuri, akatoka akitembea kama mtu aliyeshinda kesi.

Mimi nilibaki nyuma kidogo.

"Muzee," nilimuuliza mhariri, "habari zetu ulizipata wapi?"

"Habari zenu zipi?"

"Za uwanja. Za mawe."

"Binti yangu, mimi juu yako nilijua una viazi na turubai." Akavua miwani. "Niliyemwandika si baba mdogo. Ni shangazi. Ni mama mmoja wa upande mwingine kabisa wa mji. Nilimgeuza baba mdogo ili asitambulikane."

"Na hakutambulikana?"

"Hata yeye hakujitambua! Alinunua magazeti matatu, akayagawa kwa jirani zake, akasema, 'Munaona banaume!'" Alitazama langoni, alikotoka yule wa koti la ngozi. "Nimemficha mmoja, nimewafunua sijui wangapi. Na bado ni asubuhi."

Alinikataza nisimwambie baba mdogo, maana gazeti halitoi siri. Hakuwa na haja ya kunikataza. Nilipomweleza mdogo wangu, alikaa chini kabisa, juu ya gunia, akacheka mpaka machozi yakatoka. Kisha akafuta uso akasema, "Yaya, ukimwambia, utaishi nyuma ya ukuta peke yako."

Toleo lililofuata lilichelewa kwa sababu ya umeme, na baba mdogo aliniuliza habari zake kila siku. Mawe yalikaa pale pale. Fundi alipita mara kadhaa akitaka kuanza ukuta, akaambiwa angoje. Sikulala vizuri siku zile. Mtu aliyeahidi kwa hasira anaweza kupoa, na baba mdogo nilimjua: akipoa, anazoea.

Gazeti lilipotoka, ukurasa wa mwisho ulikuwa umejaa. "Baba mdogo mmoja anatangaza kwamba mawe aliyoleta mbele ya parseli ya yatima ni ya kuwajengea nyumba, palepale mbele." Chini yake: "Mjomba mmoja anaeleza kwamba mabati aliyoyabomoa atayarudisha akimaliza kuyapima." Na mwingine: "Kaka mkubwa mmoja anasema shamba la Rumangabo hakuliuza, aliliazimisha tu." Mhariri hakuwahi kuandika ukurasa mzuri wa haki kama ule, na hakuna sentensi hata moja iliyokuwa yake.

Safari hii shirika lilikutana kwa raisi. Baba mdogo alisoma dementi yake kwa sauti ya Pasaka. Akafika mwisho, akavua miwani, akangoja.

"Huyu tunamujua!" yule muzee wa kukanyagwa mguu alisema, na mke wake akamwacha. "Ni wewe, papa!"

"Mimi sikusema ni mimi," baba mdogo alisema, akitabasamu.

"Ni wewe kabisa!" Watu wakapiga makofi. Baba mdogo aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu uliomkaa vizuri.

"Sasa, papa," raisi aliuliza, "nyumba inaanza lini?"

Tabasamu lilisimama. "Bado kuna mambo ya simenti, mama. Na fundi..."

"Simenti, kila mutu atatoa kidogo. Fundi atakuwa bwana yangu. Jumamosi tunafanya salongo." Akageukia watu. "Ama vipi?"

Watu wakasema ndiyo. Salongo ni kazi ya pamoja, na mtu akishaitwa salongo mbele ya shirika zima, hawezi kusema ana mafua.

Jumamosi walikuja na majembe, kamba, na sufuria ya maharagwe. Baba mdogo alichelewa. Kisha alitokea, amevaa buti za mvua, akaanza kuwaamrisha watu kana kwamba alilala pale. Kamba hii ivutwe. Jiwe lile liende kule. Wadogo zangu walibeba kokoto. Mdogo wangu wa kike alimwita "Papa enjinia", naye alipenda.

Msingi ulipofika magotini, mume wa raisi alisimama na kuuliza, "Mulango utaangalia wapi?"

Yeye aliuliza tu kama fundi. Hakujua aliloliuliza. Mlango ukitazama nyuma, upande wa choo, nyumba ile ingekuwa ukuta mnene tu wenye watu ndani: sisi tungeingia na kutoka kwa kichochoro, na upande wa barabara, butike na uwanja uliobaki, ungeendelea kuchungwa. Baba mdogo alijua. Mimi nilijua. Maneno yangu ya siku zote yalinijia mdomoni, nikayameza, maana alikuwa anayajua kuliko mimi.

Alitazama kamba. Alitazama butike, iliyosimama palepale mbele ya mahali ambapo mlango ungekuwa. Raisi wa shirika alikuwa amesimama na jiwe kichwani, akingoja jibu kabla ya kulitua.

"Barabarani," baba mdogo alisema. "Nyumba gani inapatia batu mugongo?"

"Na hii butike, papa?" raisi aliuliza.

"Butike ni mbao, mama. Tua jiwe, utaumia shingo."

Akaniomba nyundo. Nikampa, nikamfuata mpaka kwenye butike. Aliingiza meno ya nyundo chini ya ubao wa kwanza, akavuta, msumari ukalia. Muuza sabuni akatoa kichwa dirishani.

"Papa, mimi bado niko ndani!"

"Ninakuona," baba mdogo alisema, akatafuta msumari wa pili.